Kwa Mujibu wa Habari Uliyosoma

Jumatatu, 1 Julai

Shule imefunguliwa. Nimenunua daftari hili dukani kwa Mujibu, maana lazima niseme na mtu, na nyumba ya mwalimu ninayokaa haina mtu mwingine. Mimi ni Gwakisa, mtu wa Tukuyu, mwalimu wa Kiswahili darasa la saba hapa Ruponda. Nimeomba uhamisho hadi nimechoka kuomba.

Watoto wamerudi na macho mekundu. Ni msimu wa salfa, likizo nzima wameshinda kwenye mikorosho wakisaidia kupulizia. Darasa lote linanuka kiberiti. Mtihani wa taifa ni Septemba.

Jumatano, 3 Julai

Mwalimu mkuu wetu, Octavian, ameingia darasani kwangu bila hodi kuwafundisha watoto wangu mbinu yake. Habari ndefu, anasema, usiisome. Soma swali kwanza, shika neno moja unalolijua, litafute kwenye habari, nakili mstari wote. Umemaliza, songa mbele. Watoto walimpenda sana. Mimi nikabaki nimesimama na chaki yangu kama mgeni aliyekuta chakula kimekwisha.

Nilimwambia baadaye ofisini kuwa huko si kusoma, ni kuvizia. Akanijibu kuwa wilayani hawaulizi nani amesoma, wanauliza wangapi wamefaulu.

Ijumaa, 5 Julai

Yupo mmoja tu asiyevizia. Sikudhani, binti wa Mujibu mwenye duka na mashine ya kusaga. Leo niliwapa habari ya nyuki. Wenzake walikuwa wameshafika swali la nne, yeye bado yuko kwenye habari, midomo inacheza. Nilipomwambia afunge kitabu anisimulie, alisimulia yote, hadi jina la mbwa ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau.

Jioni nilipitia dukani nikamsifia kwa baba yake. Mujibu si mtu wa maneno. Alipima sukari ya mteja kwanza, ndipo akasema sekondari ya kata iko mbali, njia yote ni pori, na dada yake Sikudhani alianza huko, kutembea kukamshinda, akaacha. "Huyu akipata bweni, nitauza hata mashine," akasema. "Asipopata bweni, atasimama hapa dukani na mama yake. Kutembea, hapana."

Bweni huchukua wenye alama za juu kabisa. Nilimwambia atapata. Nilisema kwa moyo mweupe.

Jumatatu, 8 Julai

Baridi asubuhi, vumbi mchana. Hakuna jipya.

Jumatano, 10 Julai

Leo tumefanya mtihani wa kujipima wa kata. Nimesahihisha Kiswahili mpaka macho yameuma, na sijui niandike kwa kucheka au kwa kulia.

Habari ilihusu kijiji kimoja ambako kuku walikufa wote kwa mdondo. Ugonjwa ulianzia mnadani, mchuuzi alinunua jogoo mgonjwa akampeleka nyumbani. Habari rahisi kabisa. Swali la kwanza: Kwa mujibu wa habari uliyosoma, ugonjwa wa kuku ulianzia wapi?

Karatasi ya kwanza imeandika: Kwa Mujibu. Ya pili: Kwa Mujibu. Ya tatu: Ulianzia kwa Mujibu. Nikadhani wameangaliziana, lakini hata waliokaa kona mbalimbali wameandika hivyo hivyo. Zaidi ya nusu ya darasa. Mmoja ameongeza: kwa Mujibu karibu na mashine.

Nilikaa nikalielewa taratibu. Watoto hawa wanapita kila siku mbele ya ukuta wa duka ulioandikwa kwa rangi nyekundu, KWA MUJIBU. Hapa kijijini hakuna maandishi mengine makubwa kuliko hayo. Nyumbani ni Kimwera, kitabu ni kimoja kwa watoto watano. Wamefundishwa washike neno wanalolijua, nao wamelishika. Kwamba mujibu ya mtihani inaanza kwa herufi ndogo hawakuona, kwa nini waone? Hakuna mtu hapa kijijini anayefungua kinywa akasema "kwa mujibu wa". Hilo ni neno la redio na la watu wa ofisini.

Halafu nikafika karatasi ya Sikudhani. Ameandika: Si kwa Mujibu. Sisi hatufugi kuku.

Swali la pili, kwa mujibu wa habari hii nani alileta ugonjwa, ameandika: Baba yangu hakuleta ugonjwa wowote. La tatu ameandika mstari mzima kuwa habari hii ni ya uongo na aliyeitunga hajafika kwetu. Maswali yote matano amemtetea baba yake. Sehemu ya sarufi amepata yote. Sehemu ya ufahamu nimempa sifuri, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha hauna nafasi ya heshima ya mzazi.

Alhamisi, 11 Julai

Ofisini tumecheka. Nami nilicheka. Octavian alicheka mpaka akafuta machozi, akaisoma ile karatasi ya Sikudhani kwa sauti mara ya pili, dirisha likiwa wazi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimewaeleza. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: kwa mujibu wa habari, maana yake kwa jinsi habari inavyosema. Si kwa jinsi unavyojua wewe, si kwa jinsi anavyosema bibi yako. Weka kidole kwenye mstari ambao jibu linakaa. Kidole kikikosa pa kukaa, ujue unajibu kutoka kichwani mwako.

Wakacheka wakamgeukia Sikudhani. Halfani, kijana mwenye sauti kuliko wote, akauliza kama kidole kiwekwe kwa Mujibu. Sikudhani hakuinua kichwa. Baada ya kipindi alinifuata akaniambia, kwa upole kabisa, kuwa sasa ameelewa, na kuwa kule madrasa walimfundisha jina la baba yake maana yake ni anayejibu. Nikamwambia ni jina zuri. Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu."

Jumanne, 16 Julai

Octavian ameenda Nachingwea mjini, kikao cha walimu wakuu. Amechukua zile karatasi. Nilimuuliza za nini, akasema za mfano.

Alhamisi, 18 Julai

Mfano umefika kabla yake. Kijana wa bodaboda aliyenibeba kutoka njia kuu ameniuliza kama ni kweli kwetu mdondo umeingia hadi kwenye mtihani. Kikao kizima kilivunjika mbavu, nasikia. Sasa huko mjini mtu akiulizwa jambo asilolijua anajibu, "Nenda kwa Mujibu."

Jumamosi, 20 Julai

Siku ya gulio. Watu wamemuuliza Mujibu hali ya kuku wake. Alifunga duka kabla ya adhuhuri.

Ijumaa, 26 Julai

Upepo mkali. Salfa ya mashamba yote imehamia darasani.

Jumatano, 31 Julai

Kuku wameanza kufa. Mdondo huja karibu kila kiangazi, kila mtu anajua, na mwaka jana nilikula wa jirani aliyewahi kumchinja. Lakini mwaka huu nimewasikia akina mama kisimani: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hata mtihani wa serikali ulisema unaanzia wapi.

Nilisimama nikawaeleza. Nikawaambia ni lugha tu, ni neno lenye kufanana na jina. Wakanisikiliza kwa adabu zote. Mmoja akasema, "Sasa mwalimu, kama si kweli, waliandikaje?"

Jumapili, 4 Agosti

Wanapeleka mahindi kusaga kijiji cha pili. Mashine ya Mujibu imenyamaza siku ya tatu leo. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha huu tuliutumbua sisi, watu wenye vyeti.

Ijumaa, 9 Agosti

Ukuta wa duka umepakwa chokaa. Jina halipo. Sikudhani hajaja shule tangu Jumanne.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeenda kwa Octavian nikamwambia twende sote kwa Mujibu, tumwombe radhi kabla ya sala ya Ijumaa, watu wasikie. Alikuwa anapanga majina ya watahiniwa. Akaniambia mwalimu mkuu hawezi kuomba radhi kwa kosa la wanafunzi. Nikamwambia si la wanafunzi, ni la mbinu yako na ulimi wako. Akasema kitu ambacho sitakisahau. Alisema binti mwenye sifuri ya ufahamu asipofanya mtihani, wastani wa shule hauharibiki.

Nilikuwa nikimwona mtu mwenye haraka tu, anayetaka sifa kidogo kama sisi sote. Leo namwona vingine. Namchukia, na naandika hivyo bila kufuta.

Jumatano, 14 Agosti

Nimetoka kwa Mujibu sasa hivi.

Nilimkuta ameketi nyuma ya mashine, mikono juu ya magoti, mtu asiye na kazi ya kufanya. Mama Sikudhani, Mwamina, alinipa kigoda na maji bila kuniangalia. Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni, kanga kichwani, akisikiliza kama watoto wa huku wanavyosikiliza, bila kuonekana kusikiliza.

Nilianza na radhi. Nilisema mimi pia nilicheka. Nilimweleza lile neno tangu mwanzo hadi mwisho, jinsi lilivyo, jinsi watoto walivyolikosea. Aliniacha niseme yote. Akasema anaelewa, yeye si mjinga, aliyekwenda kulitangaza mjini ndiye asiyeelewa.

"Baba yangu aliniita jina hili akiwa amenichinjia mbuzi wa akika," akasema. "Mimi sijaiba, sijapunja mtu kipimo. Leo mtoto mdogo ananipita njiani anacheka. Hilo somo mnalifundishaje, mwalimu?"

Nikamwambia mtihani wa Septemba haurudiwi, na binti yake anasoma kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Nikamkumbusha bweni. Nilimsihi, sioni haya kuandika kwamba nilimsihi.

Alifuta vumbi la unga kwenye mashine kwa kiganja. Kisha akasema, "Haya. Atarudi. Lakini jina langu lisiguswe tena."

"Halitaguswa, baba Sikudhani."

"Lisiguswe darasani, lisiguswe kwenye karatasi zenu. Lisiguswe kabisa."

"Nakuahidi," nikasema. "Halitaguswa."

Akamgeukia binti yake. "Umesikia?" Sikudhani akasema amesikia.

Nimetembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu Julai nimefanya jambo la maana.

Ijumaa, 16 Agosti

Sikudhani amerudi. Nimemtandika Halfani kwa maneno kabla hajafungua mdomo, na darasa limeelewa.

Ahadi yangu naitimiza. Kwenye mazoezi yote nimeliondoa lile neno. Naandika "kutokana na habari" au "habari inasemaje". Linaleta maana ile ile na halimchomi mtu. Yeye tayari analijua, alishaniambia Julai.

Alhamisi, 22 Agosti

Leo nimewafundisha kupanga muda. Soma habari mara mbili, ya kwanza kalamu ikiwa mezani. Swali gumu usiling'ang'anie likakulia dakika zako, liruke, uliache wazi, urudi baadaye. Nimerudia kama wimbo: swali usilotakiwa kuligusa, usiliguse, nenda jingine. Nilikuwa na maana ya swali ambalo halijaiva kichwani mwako. Sikudhani aliandika kwenye daftari lake.

Jumanne, 27 Agosti

Sikudhani amepata yote. Habari ya treni, habari ya mzinga, habari ya daktari wa mifugo. Yote.

Jumamosi, 31 Agosti

Wamesahau kuku. Mashine ya Mujibu inalia tena, mahindi yamepanga foleni. Hakuna aliyemwomba radhi. Watu wanarudi tu, na debe kichwani, wanamsalimia. Ukuta umebaki mweupe.

Jumanne, 3 Septemba

Octavian ameona alama za Sikudhani. Sasa anamwita "Sikudhani wetu".

Jumanne, 10 Septemba

Walimu tumebadilishwa vituo vya kusimamia. Mimi nimepelekwa wilaya ya jirani ya Ruangwa, shule moja ya Nanganga. Kabla ya kuondoka nilipita dukani. Sikudhani alikuwa amefua sketi ya shule, ameianika. Nikamwambia asiogope. Akasema haogopi.

Jumatano, 11 Septemba, Nanganga

Kiswahili asubuhi. Nilipogawa karatasi nilisoma habari ya mwisho nikiwa nimesimama nyuma ya darasa. Ni ya kisima cha kijiji kilichochimbwa na wanawake, kikakauka baada ya miti kukatwa. Chini yake maswali matano ya kuandika, na yote matano yanaanza kwa maneno yale yale: Kwa mujibu wa habari uliyosoma.

Nilifurahi. Naapa nilifurahi. Watoto wa Nanganga niliokuwa nikiwasimamia walikuna vichwa, mmoja akalitazama neno mujibu kama mtu anayetazama nyoka. Mimi nikawa namfikiria wangu kule Ruponda. Nikasema moyoni, hayo atayala kama karanga.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimerudi Ruponda kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye meno. Nilienda dukani moja kwa moja kabla hata ya kunawa. Sikudhani alikuwa anafagia kibarazani. Aliniamkia nikaitikia. Nikamuuliza Kiswahili kilikuwaje, akasema kilikuwa chepesi. Nikauliza habari ya kisima je. Akasema aliipenda, hasa yule mama aliyekataa kuondoka kisimani.

"Maswali yake umejibu yote?"

"Sikuyagusa, mwalimu."

Nilidhani sijasikia. Nikarudia swali.

"Yalikuwa na jina la baba," akasema. "Yote matano. Uliahidi halitaguswa hata kwenye karatasi. Nilikuwepo mlangoni. Baba akaniuliza kama nimesikia."

Alisema hivyo bila kiburi, alikuwa anasubiri nimsifu. Nilikaa kwenye kibaraza cha duka. Nikamuuliza, lakini si ulijua lile si jina la baba, si nilikufundisha? Akasema alijua. Akasema hata wale kina Halfani sasa wanajua, lakini atakayesahihisha hajulikani, anaweza akawa mtu wa kucheka. Tena mimi mwenyewe nilikuwa nimeliondoa kwenye mazoezi yote, ndipo akajua ahadi ni ya kweli.

Mwaka mzima nawapigia kelele watoto wa watu: soma kilichoandikwa, usisome kilicho kichwani mwako. Mujibu alisema lisiguswe kabisa. Nilisikia neno nililolijua, nikalishika, nikasonga mbele.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimemwambia baba yake. Ilibidi nimwambie mimi. Alinisikiliza hadi mwisho, akamtazama binti yake aliyekuwa akipanga vibiriti. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nasema na nyie walimu." Akaingia ndani akawasha mashine. Hapakuwa na mahindi ndani yake.

Jumanne, 24 Septemba

Korosho za kwanza zinaanguka.

Jumatano, 30 Oktoba

Matokeo yametoka. Shule imepanda, Octavian amenunua soda za walimu wote. Yangu nimempa mlinzi. Sikudhani amefaulu, kila somo A isipokuwa Kiswahili, B. Kiswahili, somo langu.

Octavian ameniambia B si haba kwa binti wa huku. Nimetoka nje.

Jumatatu, 11 Novemba

Joto. Mnada wa korosho, barabara imejaa magunia, darasa la saba la mwakani liko mashambani. Mbinu ya kuvizia imebandikwa ukutani kwa karatasi ya manila.

Jumanne, 17 Desemba

Mvua ya kwanza imenyesha jana, na leo majina ya waliochaguliwa yametoka. Halfani amepata bweni. Sikudhani amepangiwa sekondari ya kata.

Nilingoja mpaka mvua ilipopungua ndipo nikaenda. Sikudhani alikuwa nyuma ya kaunta, amevaa kanga ya mama yake, anapima chumvi. Mujibu hakuwepo, alikuwa ameenda kuangalia shamba. Mwamina alinisalimia kutoka ndani, sauti ya kawaida. Hawanichukii, na hilo linaniumiza kuliko chuki. Nikaanza kusema kuwa nitazungumza na baba yake kuhusu kata, kuwa labda baiskeli, kuwa labda akae kwa mtu karibu na shule. Akasema baba amekwisha kusema.

Akafunga chumvi, akampa mteja, akamsubiri aondoke. Kisha akaniuliza kama ile karatasi ya mtihani niliiona kule Nanganga. Nikasema niliiona.

"Kisima kilichimbwa na wanawake wa kijiji," akasema. "Kilikauka kwa sababu walikata miti ya pembeni. Aliyekataa kuondoka ni mama yake Tabu. Walipanda miti mingine mvua zilipoanza. Na funzo la habari hii ni kwamba ukitaka maji ulinde kilicho juu yake." Akaniangalia. "Ndivyo, mwalimu?"

Nikamwambia yote ni sahihi.

Akaniuliza nataka nini. Nikanunua kiberiti, nikaondoka.